Lango la Chuma na Njia ya Komanda

Hakuna ombi linalosikika Bunia kuliko lile la kumsihi Mungu aondoe vikwazo. Utalisikia kwenye mikesha ya Ijumaa huko Mudzipela na Nyakasanza, utalisikia kwa mama anayepanga nyanya zake sokoni kabla jua halijapanda, na utalikuta limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha basi dogo. Mtu wa kwetu ana haki ya kuliomba. Njia kubwa za kututoa mjini ni tatu. Moja inapanda kaskazini kupitia Iga-Barrière na Fataki hadi Mahagi, nyingine inateremka Kasenyi kwenye Ziwa Albert, na ya tatu inaelekea Komanda, karibu kilomita 75, ambako inakutana na barabara ya Beni na Kisangani. Zote tatu nimezijua zikiwa zimefungwa. Mwenye dola hupanda ndege, na wengi wetu hatuna dola.

Nimefundisha Ekodim, yaani shule ya Jumapili ya watoto, tangu ujana wangu, na baadaye nikakabidhiwa somo la Biblia la akina mama. Mafungu yanayosema habari za milima kushushwa, mabonde kuinuliwa, malango ya shaba kuvunjwa na bahari kupasuka nimeyapitia na watu wa kila umri, wengine wakiwa wamelala porini usiku wa kuamkia somo. Kuna jambo limenikaa moyoni miaka yote hiyo. Katika Ituri watu wameuana kwa sababu nyingi: ardhi, dhahabu, siasa za wakubwa, majeshi ya kigeni. Lakini wako pia waliouana baada ya kuomba. Mtu alipiga magoti akimwomba Mungu aondoe kizuizi, akainuka, akachukua panga, akaenda kwa jirani yake. Alikuwa ameshaamua kizuizi ni nani. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kabila langu silitaji, kwa sababu najua msomaji wa Ituri akishalijua atanisikia kwa sikio moja.

Mwezi wa Mei 2003 askari wa Uganda walimaliza kuondoka Bunia. Ilipofika tarehe 6 walikuwa wamekwenda, na wapiganaji wa pande mbili wakaanza kuugombea mji mtaa kwa mtaa. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo, watu wa Uruguay, walikuwa mia chache tu. Maelfu ya raia walijazana kwenye uzio wa kambi yao na pale uwanja wa ndege, wakilala chini ya maturubai huku mvua ikiwanyeshea. Parokia ya Nyakasanza iliingiliwa, mapadri wawili wakauawa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Sisi wa mtaa wetu tuliamua kushika barabara ya Komanda. Tulipiga magoti uani kwa shemasi wetu, akaomba Mungu atufungulie njia kama alivyowafungulia watu wake baharini, tukatoka na vifurushi kichwani, watoto mgongoni, wazee wakishikwa mkono.

Bariyeri ya kwanza ilikuwa mti mnene wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mafuta. Nyuma yake walisimama vijana wanne au watano, na mkubwa wao kwa madaraka, si kwa umri, alikuwa kadogo, yaani askari mtoto, wa miaka labda 13, mkanda wa bunduki umemfika magotini. Aliwapanga watu wote kwenye mstari. Kila aliyemfikia aliambiwa azungumze lugha ya kwao, naye akasikiliza, akaamua. Mbele yetu alikuwepo mama mzee aliyeuza samaki wakavu wa Kasenyi sokoni, mwanamke ambaye kwa kazi yake alizungumza lugha za wateja wake wote. Zamu yake ilipofika alimsalimu mtoto yule kwa lugha ya mtoto mwenyewe. Halafu akahamia Kiswahili, kusudi sote tusikie.

“Si weye mutoto wa ule mama ananiuzishaka mihogo siku ya soko?”

Mtoto hakujibu mara moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Ni mama yangu.”

“Anajua uko huku?”

Kimya. Vijana wengine walikuwa wanamtazama. Mama yule aliweka kikapu chake chini, akaenda kwenye ncha ya mti, akainama. “Kamata pale, mwanangu. Miye nakamata huku.” Na mtoto akakamata. Niliona mikono yake ikitetemeka, kwa uzito wa mti au kwa jambo lingine. Waliuinua wote wawili mpaka kifuani, tukapita chini yake mmoja mmoja, mama mzee akihimiza tuharakishe kwa sababu mgongo wake ulikuwa unamuuma.

Huo ndio muujiza wa kupasuliwa njia niliouona kwa macho yangu, na sioni haya kuuita muujiza. Aliyeufanya ni Mungu. Mikono aliyoitumia ilikuwa ya muuza samaki na ya mtoto aliyekumbushwa kwamba ana mama, na kilichoandaa siku ile ni mihogo iliyouzwa na kununuliwa kwa miaka kadhaa kati ya wanawake wa makabila mawili, bila yeyote kati yao kudhani anajenga barabara.

Bariyeri ya pili, mbele ya Marabo, haikuwa na mtu aliyemjua mtu. Walichukua pesa, viatu na redio. Walisoma vitambulisho. Cha shemasi wetu walikisoma mara mbili, hasa pale palipoandikwa mahali alipozaliwa, wakamwambia asimame kando. Alitupungia mkono twende. Mke wake alitaka kubaki, naye akamkemea kwa ukali ambao hatukuwahi kumsikia nao, ili mwanamke apate kuondoka. Hatukumwona tena.

Tulipofika Beni tulipokelewa vizuri, na kwa jambo hilo watu wa Beni walipwe na Mungu. Jumapili ya kwanza kanisani wakimbizi waliitwa mbele kutoa ushuhuda. Mmoja baada ya mwingine walisema Bwana amewafungulia njia, amewavusha, amevunja vizuizi vyote. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa benchi moja na mjane wa shemasi. Hakulia. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa kitenge chake, na kila vigelegele vilipopigwa vidole vyake vilisimama.

Mchungaji aliyehubiri siku ile alifungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Hadithi yake kila mtoto wa Ekodim anaijua: Petro gerezani kati ya askari wawili, malaika, minyororo kuanguka, na lile lango la chuma la kuingilia mjini likifunguka lenyewe. Wahubiri wengi huanzia pale Petro anapokamatwa. Yeye alianza mstari wa kwanza. Akasoma taratibu kwamba Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Kisha akanyamaza. Yakobo pia aliombewa, alisema. Yakobo pia alikuwa mtume, mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani pamoja na Yesu. Mfalme ni yule yule, kanisa ni lile lile. Mmoja alifunguliwa lango, na mwingine hakufunguliwa, na Luka aliyeandika hakutupa sababu. Mchungaji naye hakututungia sababu. Alishuka madhabahuni, akaja hadi benchi letu, akamshika mkono mjane wa shemasi.

Tangu siku hiyo sijaweza kufundisha somo la vikwazo kuondolewa bila kumtaja Yakobo. Si kwa kutaka kuwahuzunisha watu. Anayefundisha Ituri hana budi kukumbuka ni akina nani wamekaa mbele yake. Tarehe 5 Septemba 2002, miezi michache kabla ya mambo ninayoyasimulia, Nyankunde ilishambuliwa, na hospitali kubwa ya kimisheni iliyokuwa imetibu makabila yote kwa miaka mingi ikageuzwa machinjio. Walikufa wagonjwa vitandani na wauguzi waliovaa sare. Mamia ya waliosalia, baadhi yao wagonjwa waliobebwa, walitembea msituni hadi Oicha. Hao waliofika Oicha walivushwa na Mungu, sina shaka. Na wale waliobaki Nyankunde walikuwa na imani ile ile, wengine kubwa zaidi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, hauoni aibu kuwaweka pamoja kwenye orodha moja waliookoka makali ya upanga na waliouawa kwa upanga, na kuwasifu wote kwa imani moja. Mhubiri anayewaambia watu kwamba njia yako ikiwa bado imefungwa ni kwa sababu imani yako haijatosha, anamhukumu Yakobo, mwana wa Zebedayo. Ningependa wahubiri wa namna hiyo wapate kukaa benchi moja na mjane wa shemasi wetu.

Liko jambo jingine katika sura ile ya 12, na mimi nililiona tuliporudi nyumbani.

Kurudi kwenyewe kulifunguliwa na watu ambao hawakuwamo kwenye maombi yetu. Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na mwezi wa Juni majeshi ya Umoja wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, yakatua Bunia kwa operesheni iliyoitwa Artemis. Walizuia silaha kubebwa hadharani mjini, wakakaa hadi mwanzo wa Septemba, kisha wakawapisha askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kwa wingi na kwa mamlaka makubwa zaidi. Kule Beni tuliposikia kwamba sokoni Bunia watu wanauza na kununua tena, mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha habari za Koreshi. Mfalme wa Uajemi hakumjua Mungu wa Israeli, na Isaya sura ya 45 inalisema hilo waziwazi, lakini ndiye aliyeshikwa mkono wa kuume na kufunguliwa malango ili mateka wapate kurudi kwao. Naliona fundisho hilo kuwa la kweli, mradi lisivutwe kupita kipimo. Artemis ililinda mji na uwanja wa ndege, na amri yake iliishia hapo. Vijijini, nje ya mji, watu waliendelea kufa majira hayo hayo. Koreshi aliwafungulia njia ya kurudi, lakini kazi ya kujenga Yerusalemu na kuishi na majirani aliwaachia wenyewe, na kitabu cha Nehemia kinaonyesha ilivyokuwa ngumu.

Basi nilirudi Bunia, nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Ndani mlikuwa na watu. Aliyenifungulia ni mwanamke aliyekimbia vilima vya Djugu na watoto wake, mtu wa jamii ile ambayo, kwa hesabu za wakati ule, ilikuwa upande wa pili. Mlango wa jiko langu la nje ulikuwa umekwisha kuwa kuni. Lakini picha zangu kubwa za kufundishia watoto, zile za Musa na bahari, za Yeriko, za Petro gerezani, alikuwa amezifunga kwenye plastiki na kuziweka juu ya dari zisinyeshewe. Tulitazamana kwa muda. Kisha akasema, “Karibu, mama,” na mimi nikaingia nyumbani kwangu kama mgeni wake. Tuligawana vyumba mpaka alipopata pa kwenda.

Usiku ule nilisoma tena habari za Petro. Lango la chuma, zito, lenye walinzi, lilifunguka lenyewe. Petro akatembea hadi nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako kanisa lilikuwa linaomba kwa ajili yake, akabisha. Roda, yule kijakazi, akaitambua sauti yake, akakimbia ndani kwa furaha bila kufungua. Wale waombaji wakamwambia ana wazimu. Na Petro akabaki nje, anabisha. Malaika alikwisha kuondoka. Alikuwa ameleta nguvu za kushinda chuma cha Herode, lakini mlango wa nyumba ya maombi hakuugusa, kwa sababu waliokuwa ndani walikuwa na mikono. Mambo mengi ya Ituri nimeyaelewa kwa kuutazama mlango ule. Malango ambayo hatuwezi kuyafungua ni ya Mungu. Bado kuna milango ambayo ufunguo wake uko upande wetu, na hiyo tunaweza kukesha usiku kucha tukiiombea huku aliyetumwa na Mungu amesimama nje, anagonga.

Sasa nifike kwenye Yeriko, kwa sababu Yeriko ndiyo iliyotuumiza.

Mwaka uliofuata, katika mkutano wa maombi mtaani kwetu, mwanamume mmoja alisimama akaomba kwa machozi kwamba Mungu aangushe kuta za maadui kama alivyoangusha za Yeriko, asibakize kitu. Alikuwa amezika watoto wawili. Hakuna aliyethubutu kusema neno, wala mimi. Watu waliitikia amina, wengine kwa nguvu, wengine kwa mdomo tu, na mwanamke wa Djugu, ambaye siku hizo alikuwa bado anakaa nami na alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, aliinama akajifanya anamfunika mtoto.

Mchungaji wetu mzee hakumkemea yule baba. Alisubiri, akafungua Yoshua, lakini si sura ya 6 yenye tarumbeta. Alifungua mwisho wa sura ya 5. Yoshua yuko karibu na Yeriko, anainua macho, anaona mtu amesimama mbele yake na upanga uliofutwa mkononi. Anamwuliza swali ambalo kila mtu wa Ituri ameulizwa kwenye bariyeri: wewe ni wa upande wetu au wa upande wa adui zetu? Na mtu yule hakuchagua upande wowote kati ya hizo mbili. Alikataa swali lenyewe, akasema amekuja akiwa amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua akaanguka kifudifudi, akaambiwa avue viatu.

“Kama Yoshua hakujibiwa kwamba Mungu ni wa kabila lake,” mchungaji alisema, “sisi tutajibiwa?”

Kisha akamleta Rahabu. Nyumba ya Rahabu ilikuwa ukutani kabisa, ndani ya kile kizuizi kilichokuwa kinaombewa kianguke. Ukuta ukaanguka, na mwanamke wa ukutani akatoka hai na jamaa zake, akakaa kati ya Israeli, na Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu jina lake limo. Najua habari za Yeriko zina mambo mazito ambayo hayaishi kwa maelezo haya. Damu iliyomwagika pale imenisumbua tangu nianze kuifundisha, na sitajifanya haimo. Lakini Biblia yenyewe imeweka malaika asiye na kabila mbele ya vita ile, na mwanamke wa kabila la pili katikati yake. Mhubiri anayewaruka hao wawili ili afike haraka kwenye tarumbeta anasoma kitabu kingine. Yule baba alirudi wiki iliyofuata. Hakuwahi kuomba tena kwa maneno yale, wala hakuwahi kusema kwa nini, na mimi sikumwuliza.

Kama ningeambiwa nichague fungu moja tu la Biblia liandikwe kwenye kila lango la kuingia Ituri, ningechagua Waefeso sura ya 2, pale Paulo anaposema kwamba Kristo aliubomoa ukuta uliowatenga watu wa namna mbili, akawafanya mmoja. Ukuta wa aina hiyo ulikuwepo kweli. Kwenye ua wa hekalu la Yerusalemu palikuwa na kizuizi cha mawe chenye maandishi ya Kigiriki yaliyomwonya mtu wa mataifa asivuke, na kwamba akikamatwa kifo chake kitakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Jiwe mojawapo lilipatikana mwaka 1871, nalo sasa liko Istanbul. Kwa hiyo wasomaji wa Paulo walijua maana ya kusimama mbele ya mpaka ukiulizwa asili yako, na jibu lako likiwa ndilo uhai au kifo chako. Katika picha hiyo Mungu haondoi mmoja wa wale watu wawili ili mwingine apite. Anaondoa kilichokuwa kati yao, na Paulo anasema gharama yake aliilipa Kristo kwa mwili wake.

Si kila kizuizi ni cha kuombewa kianguke, hilo nalo niliseme kwa kifupi. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, ikaingia na Ituri, tuliwekewa vituo vya kunawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto barabarani. Wako waliokemea vituo hivyo kwa jina la Yesu. Niliwafundisha akina mama habari za Balaamu katika Hesabu sura ya 22: aliyesimama kati ya mashamba ya mizabibu kumziba njia alikuwa malaika wa Bwana, na punda alikuwa na akili kuliko nabii. Ugonjwa ulikwisha Juni 2020, baada ya watu zaidi ya 2,200 kufariki katika mikoa yetu. Ningependa kujua ni wangapi waliokolewa na ndoo yenye bomba.

Na kuna milima ambayo haikushushwa. Wazee wa Kianglikana wa Boga, kusini mwa Irumu, bado wanasimulia habari za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekuja kwao mwaka 1896 kutoka Toro, akavuka milima ya Ruwenzori na bonde la Semliki kwa miguu. Alipigwa, alifungwa, alisingiziwa mauaji, akarudi tena Boga. Alizeeka akiingia msituni kwa Wambuti. Alipofariki mwaka 1933 alizikwa, kama alivyoagiza, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijafika. Ruwenzori iko pale pale. Aliyeondolewa kizuizi ni Apolo mwenyewe, ndani yake, hata mlima ukawa kitu cha kupandwa.

Mwishoni mwa mwaka 2017 moto wa vita wa Djugu uliwaka upya. Wakimbizi wakajaa Bunia, kambi ya Kigonze ikafunguliwa, na tangu Mei 2021 mkoa wetu umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Njia ya Komanda imekuwa ya kusafiri kwa msafara unaosindikizwa na askari, na hata misafara imeshambuliwa. Katika hali hiyo nimerudi kwa Isaya, na safari hii nimekaa zaidi kwenye sura ya 57 na ya 62 kuliko ya 40, ile ya milima kushushwa. Amri ya kuondoa vikwazo katika njia ya watu wa Mungu inatolewa kwa watu wengi, na ni amri ya kazi za mikono: kutia udongo, kutandaza, kuokota mawe. Nabii aliwajua wafanyakazi wanaotangulia kutengeneza njia ya mfalme, kama sisi tunavyojua kwamba mkubwa akitarajiwa mjini greda huonekana. Hata pale kaburini kwa Lazaro, Yesu mwenye uwezo wa kufufua aliwaambia waliosimama pale waondoe jiwe wao.

Kwa hiyo tukaanza salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa. Akina mama wa kanisa na wa parokia jirani, kila Jumamosi asubuhi, tunajaza mashimo ya barabara ya mtaa wetu kwa moramu na mawe. Wakati wa mvua magari ya wagonjwa yalikuwa yanakwama pale, na mwanamke mmoja alijifungulia kwenye tope, mtoto hakupona. Hatukuwa wa kwanza kushika makoleo. Vijana wa mtaa walikuwa wakijaza mashimo asubuhi, mchana wakafunga kamba kukatiza njia, kila pikipiki inayopita itoe faranga 500. Walikuwa wametengeneza barabara na kuigeuza bariyeri siku ile ile.

Tulikwenda kuzungumza nao. Kiongozi wao, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu wa Ekodim, alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, “Mwalimu, tukitoa hii kamba, tutakula nini?” Swali lake lilikuwa la haki. Hawana kazi, na barabara si yao kuitengeneza, ni ya serikali. Tuliomba toleo kanisani, na parokia nayo ikatoa fungu lake. Sasa kila Jumamosi kuna sufuria mbili za maharagwe, bugali na samaki, na wote wanaofanya kazi wanakula, awe wa kanisa asiwe. Kamba ya mtaa wetu imeondolewa. Pikipiki zinapita, na baadhi ya waendeshaji wanasimama wenyewe kuacha mchango.

Chini, kuelekea darajani, bado kuna kamba mbili. Vijana wa kule ni wa jamii nyingine, na ujumbe wetu wa kwanza waliufukuza. Mama mmoja wa kwao anakuja kununua sombe kwa jirani yangu kila siku ya soko. Tumemwomba atusindikize Jumamosi, amekubali, ila amesema tuje na makoleo yetu.